Kinga Si Kificho: Istilahi za Upimaji wa Vifaa vya Nyumbani Dhidi ya Risasi

1. Utangulizi

Katika mazungumzo ya kawaida, mtu akimwambia mwenzake "jibanze hapa barazani" au "jikinge mvua hapa barazani", mambo ni mamoja: mwenzake huelewa, naye hubaki mkavu. Lugha ya kila siku hustahimili utelezi wa namna hiyo. Yapo mazingira mengine, hata hivyo, ambamo neno moja likichukua mahali pa jingine huweza kugharimu uhai wa mtu. Maelekezo ya usalama kwa raia wakati wa milio ya bunduki ni mojawapo ya mazingira hayo.

Kwa bahati mbaya maelekezo ya aina hiyo yamekuwa yakihitajika miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Yalihitajika Nairobi mwaka 2013 duka la Westgate liliposhambuliwa. Yalihitajika Garissa mwaka 2015 wanafunzi wa chuo kikuu walipovamiwa mabwenini. Na yalihitajika Goma mwezi Januari 2025 mji ulipotekwa na risasi zikapita katika mitaa wanamokaa watu. Aghalabu maelekezo haya huandikwa kwanza kwa lugha za kigeni, kisha hukabidhiwa mfasiri. Lugha hizo zina istilahi mbili zilizotenganishwa kabisa: moja ni ya kitu kinachomficha mtu asionekane, nyingine ni ya kitu kinachozuia risasi isimfikie. Mfasiri asiyejua tofauti hiyo huandika "jifiche" mahali pote pawili. Msomaji anayejificha nyuma ya kabati la mbao atakuwa ametii maelekezo yote, na bado yumo katika njia ya risasi.

Katika makala haya tunakusudia kuzichambua istilahi zinazohusika na swali moja: je, vifaa vilivyomo nyumbani mwetu vyaweza kuzuia risasi ya bunduki? Tutaeleza kwanza yale ambayo upimaji umeonyesha, kwa sababu istilahi haiwezi kuwa sahihi ikiwa dhana yenyewe haijaeleweka. Kisha tutatoa mapendekezo.

2. Neno "risasi"

Neno la msingi katika uwanja huu lina maana tatu. Kwanza, risasi ni metali, ile nzito na laini inayotumika katika betri za magari. Pili, risasi ni kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Tatu, katika usemi wa kawaida, risasi ni kitu kizima kinachotiwa katika bunduki: ganda, fataki, baruti na kile kipande cha mbele, vyote pamoja.

Maana ya pili ilitokana na ya kwanza, kwani kwa karne nyingi vipande hivyo vilisubuliwa kwa metali ya risasi. Siku hizi uhusiano huo umelegea. Risasi ya kawaida ya bunduki aina ya AK-47, kwa mfano, ina kiini cha chuma laini, na risasi ya metali ni utando mwembamba tu uliozunguka kiini hicho ndani ya gamba la nje. Mwalimu wa sayansi anayewaeleza wanafunzi kwamba "risasi ni laini, hivyo haitoboi chuma" amesema kweli kuhusu metali, lakini amesema uongo kuhusu kitu kilichomo katika bunduki hiyo.

Hatuoni haja ya kuliondoa neno hili, maana limekwisha kukita mizizi. Tunashauri lifafanuliwe panapohitajika: "metali ya risasi" kwa maana ya kwanza, "risasi" peke yake kwa kipande kinachoruka, na "risasi nzima" kwa kitu kinachotiwa katika bunduki. Vipunje vidogo vinavyotoka vingi kwa pamoja vina jina lake la zamani, marisau, nalo litumike.

3. Upimaji umeonyesha nini?

Nguvu ya risasi kuharibu hutegemea zaidi nishati mwendo yake, yaani nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi. Risasi ya AK-47 ina tungamo la takriban gramu 8, nayo hutoka mtutuni kwa mwendokasi wa takriban meta 715 kwa sekunde. Nishati yake ni kama jouli 2,000. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina tungamo linalokaribiana na hilo, lakini mwendokasi wake ni kama meta 350 kwa sekunde tu, na nishati yake ni kama jouli 500. Mwendokasi umezidi mara mbili. Nishati imezidi mara nne. Kwa hiyo kitu kilichozuia risasi ya bastola hakijathibitisha lolote kuhusu risasi ya bunduki.

Tukivitazama vifaa vya nyumbani kwa kipimo hicho, vingi havifui dafu. Mto, godoro na kochi havina uwezo wa maana wa kuipunguza risasi ya bunduki. Mlango wa mbao, kabati, plaiwudi na ubao wa dari hutobolewa. Jokofu huonekana zito na imara, lakini kuta zake ni bati jembamba na povu. Bati la kuezekea lina unene usiofika nusu milimita, na bamba la mlango wa gari dogo kwa kawaida halifiki milimita moja. Ili msomaji apate kulinganisha, risasi ya milimita 5.56 ya aina ya SS109, iliyochaguliwa na Jumuiya ya NATO mwaka 1980, ilitakiwa iweze kutoboa bamba la chuma la milimita 3.5 kutoka umbali wa meta 600. Katika gari la kawaida sehemu yenye kutegemewa ni ile yenye injini, ambako chuma ni kinene na kimerundikana, milango haitegemewi.

Ukuta wa matofali ya saruji yenye matundu ni bora kuliko mbao, lakini usidhaniwe kuwa ngome. Risasi ya bunduki huweza kuutoboa, na hata pale ambapo ya kwanza imezuiwa, huwa imevunja sehemu ya tofali, na zinazofuata mahali pale pale hukuta ukuta uliokwisha dhoofika. Ukuta mnene wa mawe, zege nzito au matofali mazima yaliyopangwa safu zaidi ya moja ni jambo jingine.

Kifaa cha kawaida kinachosifika kuliko vyote ni mchanga uliojazwa katika mifuko. Risasi inapoingia humo huzisukuma chembe, chembe husuguana, na risasi yenyewe huyumba na kupinduka, ikawa inasukuma eneo kubwa zaidi. Nishati humalizika katika masafa mafupi. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo: mchanga mkavu huzuia vizuri kuliko mchanga uliolowa, kwa sababu maji hupunguza msuguano baina ya chembe. Ndiyo maana miongozo ya kijeshi hudai unene mkubwa zaidi pale mchanga unapokuwa umelowa. Funzo lake ni kwamba kinachozuia risasi si ugumu tu wa kitu. Ni unene, uzito, na jinsi kitu hicho kinavyoipokea nishati.

4. Kuzama, kutoboa na kuzuia

Ripoti za upimaji hutofautisha matukio mawili ambayo Kiswahili cha magazeti huyaita kwa kitenzi kimoja, "kupenya". La kwanza ni pale risasi inapoingia katika kitu na kubaki humo humo. La pili ni pale inapoingia na kutokea upande wa pili. Sentensi "risasi ilipenya ubao" haimwambii msomaji ni lipi lililotokea, ilhali kwa mtu aliyesimama nyuma ya ubao hiyo ndiyo habari pekee anayoihitaji.

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi hapa. Kilichopungua ni mazoea ya kuvipanga. Tunapendekeza "kuzama" kwa tukio la kwanza na "kutoboa" kwa la pili. Hivyo twaweza kusema: "Risasi ilizama sentimeta 9 katika mchanga", au "Risasi ilitoboa ubao wa kwanza na wa pili, ikazama katika wa tatu." Kupenya na kubaki kama neno la jumla, lisilobainisha.

Kitenzi "kuzuia" nacho kina tahadhari yake. Kitu kikiizuia risasi, maana yake ni kwamba risasi haikutokeza upande wa pili. Si kwamba aliye nyuma yake amesalimika. Kwanza, nyuma ya kitu kilichopigwa huweza kubanduka vipande vidogo vikali na kumjeruhi mtu hata kama risasi yenyewe haikutoka. Tunapendekeza viitwe "vibanzi". Pili, pigo lenyewe hupita. Viwango vya fulana za kinga vya Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani vimezingatia jambo hili: fulana hupimwa ikiwa imewekwa mbele ya udongo maalumu wa mfinyanzi, na risasi ikishazuiwa hupimwa kina cha shimo lililobonyea katika udongo. Kina hicho kikizidi milimita 44 fulana hukataliwa, ijapokuwa risasi haikuitoboa. Tatu, risasi iliyogonga kitu kigumu kwa pembe yaweza kudunda na kumpata mtu aliye kando. Kusimama ubavuni mwa ukuta wa zege, umeuegemea, si sawa na kuwa nyuma yake.

5. Je, kuna kitu "kisichopenya risasi"?

Wako wanaoulaumu usemi "fulana isiyopenya risasi" kwa hoja ya sarufi. Husema kwamba fulana haipenyi kitu. Inayopenya ni risasi. Hoja hiyo haina uzito. Tangu zamani Kiswahili kina muundo unaoruhusu kitu kinachoingiwa kushika nafasi ya kiima: "saa isiyoingia maji", "nyumba hii inalala watu wanane". Hakuna anayefikiri kwamba nyumba imelala. Muundo ni halali na ni wa kwetu.

Kasoro ya usemi huo imo katika maana. Kirejeshi kikanushi hukataa moja kwa moja, bila sharti. "Isiyopenya risasi" ni ile ambayo haipenywi na risasi yoyote, kutoka bunduki yoyote, kwa umbali wowote, mara zozote. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi dukani, wala hakivaliwi na binadamu akaweza kutembea. Hata neno la Kiingereza ambalo usemi huu umelitafsiri halikuanza na maana hiyo. Sehemu yake ya pili ilimaanisha kujaribiwa: mafundi wa deraya huko Ulaya walikuwa wakilipiga bamba la kifuani kwa bastola, na alama ya kubonyea iliyobaki ilikuwa ushahidi kwa mnunuzi kwamba deraya imekwisha pimwa. Neno lilishuhudia jaribio moja lililofanyika. Sisi tumelipokea kama ahadi ya milele.

Taasisi tuliyoitaja hapo juu, tangu ilipotoa kiwango chake cha kwanza mwaka 1972, imeandika juu ya ustahimilivu wa fulana dhidi ya risasi, wala si kutopenyeka kwake. Tunashauri wafasiri wafuate mantiki hiyo: "fulana ya kinga dhidi ya risasi", na papo hapo watamke daraja lake.

Katika madaraja hayo pana mfano mwingine wenye faida kwa mtu wa istilahi. Kwa miaka mingi fulana za kuzuia risasi za bastola tu zilifikia daraja la IIIA, na zile za kuzuia risasi za bunduki zilianzia daraja la III. Mtu asiye mtaalamu, akiona herufi imeongezwa, hudhani kwamba IIIA ni bora kuliko III; kumbe ni kinyume chake. Mwaka 2023 taasisi ilitangaza majina mapya, ambamo madaraja ya bastola na ya bunduki yametenganishwa kwa herufi za mwanzo za majina ya silaha hizo kwa Kiingereza: HG na RF. Upimaji wa kitaalamu umelazimika kurekebisha istilahi zake, si kwa kupenda mapambo, bali kwa kuwa jina baya laweza kumfanya askari avae fulana isiyomfaa.

Mfasiri wa Kiswahili asikimbilie kuunda vifupisho vyake hapa. Bastola na bunduki zote huanza kwa herufi B, na tukiandika B1 na B2 tutakuwa tumeurudisha mkanganyiko ule ule kwa mlango wa nyuma. Yafaa kuandika kwa ukamilifu: "daraja la kwanza la bastola", "daraja la kwanza la bunduki", na kuhifadhi alama za asili kando yake.

6. Kificho, sitara na kinga

Sasa tunafikia istilahi zilizotoa jina la makala haya. Kificho ni kitu kinachomzuia adui asikuone: pazia, kichaka, giza, mlango wa mbao. Kinga ni kitu kinachozuia risasi isikupate: mfuko wa mchanga, ukuta mnene wa mawe, handaki. Kila kinga isiyo ya kioo huwa pia kificho. Lakini vificho vingi si kinga.

Wengine hupendekeza "sitara" kwa dhana ya pili. Neno ni zuri na lina asili ndefu katika lugha yetu, lakini ndani yake dhana zote mbili zimechanganyika. Tunajisitiri kwa nguo, yaani tunajificha. Na tunamwomba Mungu atusitiri, yaani atulinde. Neno linalobeba maana zote mbili halifai kutenganisha moja na nyingine. "Kujibanza" nako kunaeleza mkao wa mwili tu, bila kusema umebanwa na nini.

"Kinga" lina maana nyingine pia, ile ya tiba, kama katika kinga ya maradhi, na ile ya kijinga cha moto. Maana hizo hazileti utata katika maelekezo ya usalama, kwa sababu muktadha huzitenga. Faida yake ni kwamba kitenzi chake kiko tayari na kila mtu anakijua: kukinga, kujikinga, kukingia. Mtoto mdogo anajua kwamba kukinga mvua si kuificha mvua.

Tuchukue mfano. Maelekezo haya hayafai: "Ukisikia risasi, jifiche nyuma ya kitu chochote kilicho karibu." Yafaa yaandikwe hivi: "Ukisikia risasi, lala chini, kisha jikinge nyuma ya ukuta mnene wa mawe au zege. Usitegemee mlango, kabati wala gari. Ukikosa kinga, jifiche. Lakini kumbuka kwamba kificho hakizuii risasi." Maneno yameongezeka, lakini kila moja linafanya kazi.

7. Jaribio na masharti yake

Kitenzi "kujaribu" hutumika kwa mtu anayebahatisha na kwa mtu anayepima. Aliyepiga risasi moja kwenye kitabu kinene akaona haikutoka amejaribu kwa maana ya kwanza. Upimaji huwa na masharti: aina ya risasi imetajwa, mwendokasi wake umepimwa kwa chombo, umbali na pembe vimewekwa, mapigo yamerudiwa, na nyuma ya kitu kinachopimwa limewekwa bamba jembamba ambalo likitoboka ni ushahidi kwamba kuna kilichotoka. Bamba hilo tunapendekeza liitwe "bamba shahidi". Wapimaji hutafuta pia mwendokasi ambao nusu ya risasi hutoboa na nusu huzuiwa. Kipimo hiki chenyewe kinakiri kwamba baina ya "hutoboa" na "haitoboi" pana eneo la uwezekano, si mstari mmoja.

Historia yetu inaijua gharama ya swali hili. Katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, dawa ya maji iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe iliaminiwa kwamba itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa hiyo iliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya utawala wa mabavu, na heshima yake katika historia ya taifa iko pale pale. Lakini risasi hazikugeuka, na maelfu walianguka.

Karne moja baadaye, mwaka 2005, kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho MythBusters kilipiga risasi ndani ya maji ili kuona zitafika wapi. Risasi za bunduki zenye mwendo mkali zilivunjika vipande kabla ya kufika kina cha meta moja. Risasi ya bastola ya milimita 9, iliyo dhaifu kuliko hizo, ilibaki nzima na kuwa na uwezo wa kudhuru kwa kina kikubwa zaidi, kilichopita meta 2. Je, basi, maji huzuia risasi? Sentensi "maji huzuia risasi" haiwezi kuitwa kweli wala uongo mpaka ikamilishwe: maji kiasi gani, risasi ipi, kwa mwendokasi gani. Yaliyonyunyizwa mwilini hayazuii kitu. Ya bwawa, katika masharti fulani, huzuia.

Hivyo ndivyo zilivyo sentensi zote za aina hii. Mfasiri akikutana na habari kwamba kifaa fulani "kinazuia risasi", na maandishi ya asili yametaja masharti, asiyaache kwa kutaka ufupi. Na ikiwa maandishi ya asili hayakuyataja, amwulize mwenye maandishi kabla ya kupeleka kazi kwa mpigachapa. Kadhalika, mwalimu asiwaruhusu wanafunzi kuichukua mada hii kama mwaliko wa kujipimia wenyewe. Upimaji ni kazi ya wenye vibali na mahali maalumu.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Risasi: kipande kinachoruka kutoka mtutuni.
Risasi nzima: ganda, fataki, baruti na risasi vikiwa pamoja.
Metali ya risasi: metali nzito na laini, bila kujali matumizi yake.
Marisau: vipunje vidogo vinavyofyatuliwa vingi kwa pamoja.
Kuzama: risasi kuingia katika kitu na kubaki ndani yake.
Kutoboa: risasi kuingia katika kitu na kutokea upande wa pili.
Kuzuia: kitu kutoruhusu risasi kutokea upande wa pili.
Vibanzi: vipande vinavyobanduka nyuma ya kitu kilichopigwa.
Kudunda: risasi kugonga kitu na kubadili mwelekeo.
Bamba shahidi: bamba jembamba linalowekwa nyuma ya kitu kinachopimwa.
Kificho: kitu kinachozuia kuonekana.
Kinga: kitu kinachozuia risasi ya aina iliyotajwa.
Fulana ya kinga dhidi ya risasi: badala ya "fulana isiyopenya risasi", na itajwe pamoja na daraja lake.

Haya ni mapendekezo, na yatapata nguvu pale tu yatakapotumiwa. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa idara zinazotoa maelekezo kwa umma wayapime katika kazi zao na kuliandikia Baraza panapoonekana ugumu. Wakati huo huo, yako mabango na vijitabu vilivyokwisha kubandikwa na kugawiwa ambavyo vinasema "jifiche" mahali palipostahili "jikinge". Hivyo visingoje mjadala umalizike.